Ndege ya Mianzi na Mzinga wa Mbao



Wapo wazazi hapa Manyovu wasiopenda kumwona mtoto akiunda ndege ya kivita kwa mianzi na karatasi. Baadhi yao huona ni kupoteza muda. Wengine, na hao tunawaelewa zaidi, husema kwamba eneo la mpakani lililowapokea wakimbizi wa Burundi mwaka 1972, mwaka 1993 na tena mwaka 2015 halina haja ya kuwazoeza watoto kuchezea vita. Hoja hiyo ni nzito. Hata hivyo, sisi tunaona kuwa mtoto huyo asizuiwe. Tumdai jambo moja tu: kielelezo anachokiunda kiseme kweli.

Tuchukue ndege iliyowahi kuruka katika anga la mkoa wetu. Katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Waingereza waliwapatia Wabelgiji ndege nne za aina ya Short 827, zenye maboya ya kutulia juu ya maji. Zilisafirishwa katika makasha hadi Kongo, zikaundwa upya kwenye ziwa dogo la Tongwe, karibu na Albertville, mji ambao leo unaitwa Kalemie. Tarehe 10 Juni 1916 ndege hizo zilianza kuishambulia Kigoma, zikiilenga meli ya Wajerumani iliyoitwa Graf von Götzen. Haikuwa ndege ya kupigana na ndege nyingine angani. Kazi yake ilikuwa kupeleleza na kudondosha mabomu.

Mtoto anayetaka kuiunda lazima aanze na hesabu. Ndege halisi ilikuwa na upana wa mabawa wa mita 16.4 na urefu wa mita 10.7. Akichagua kipimo cha 1:48, yaani kila sentimita 48 za ndege ziwe sentimita 1 ya kielelezo, mabawa yatakuwa na upana wa sentimita 34, na urefu utakuwa sentimita 22 na kidogo. Akishachagua kipimo hicho hana ruhusa ya kukibadili njiani. Boya, panga boi, na hata kiti cha rubani vitafuata kipimo hicho hicho. Wala asidharau vifaa vyake. Ndege yenyewe ilikuwa ya mbao, nyaya na kitambaa, hivyo mwanzi uliochanwa vyembamba, uzi na karatasi iliyovutwa vizuri vinaikaribia kuliko plastiki ya dukani. Kazi ya namna hiyo humfunza kijana subira, na humzoeza kutobuni asichokijua.

Usahihi huo si anasa. Mwaka 1942 jeshi la wanamaji la Marekani liliomba wanafunzi wa shule waunde vielelezo 500,000 vya ndege kwa kipimo cha 1:72, ili askari wajifunze kutofautisha ndege ya adui na ya rafiki kwa umbo lake. Bawa lililochongwa kwa uzembe lingeweza kumfanya askari ampige mwenzake.

Lakini kielelezo chaweza pia kudanganya, na mfano wake tunao hapa hapa Kigoma. Meli ya Götzen ilikuwa na mzinga mkubwa uliotolewa katika manowari ya Königsberg, iliyoangamia katika delta ya Rufiji mwaka 1915. Baadaye mzinga huo uliondolewa ukapelekwa kutumika nchi kavu, na mahali pake pakawekwa mzinga wa mbao ili adui aendelee kuogopa. Huo nao ulikuwa kielelezo, tena kilichoundwa kwa ustadi, lakini kwa nia ya kuhadaa.

Hapo ndipo tunapowajibu wazazi wenye hofu. Mzinga wa mbao ulionyesha silaha isiyokuwapo. Ndege ya kuchezea iliyopakwa rangi nzuri, isiyo na bomu, huficha silaha iliyokuwapo. Yote mawili ni uongo, na wa pili ndio unaomfanya mtoto aipende vita, kwa sababu anauona urembo wake bila kuona kazi yake. Basi aliyeunda Short 827 aweke na mabomu yake, kisha tumwulize: yalidondoshwa wapi, na chini alikuwapo nani? Kigoma haikuwa meli tu. Ilikuwa bandari na kituo cha reli, penye vibarua waliobeba mizigo na wenyeji ambao hawakuulizwa kama wanaitaka vita ile. Kijana akishajiuliza swali hilo huku kazi ya mikono yake iko mbele yake, amejifunza kuhusu vita jambo ambalo katazo letu lisingemfundisha.

Wala kazi yake isiishie kwenye ndege. Mwishoni mwa Julai 1916 Wajerumani waliizamisha Götzen wenyewe kabla ya kuikimbia Kigoma. Waingereza waliiopoa, na mwaka 1927 ikarudi majini kwa jina la Liemba. Mwezi Mei 2015 meli hiyo hiyo, iliyowahi kulengwa kwa mabomu, ilikuwa ikiwachukua wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga na kuwafikisha Kigoma mjini.

Kwa hiyo tunawaomba wazazi na walimu: msivunje ndege za watoto. Wapeni vipimo na wapeni historia. Atakayemaliza ndege aunde na Liemba, kwa kipimo kile kile, aviweke vielelezo hivyo pamoja, na chini yake aandike jina, mwaka na kazi ya kila kimoja. Kwa njia hiyo, watoto wetu watajua kuwa mikono ya binadamu iliunda vyote viwili, na watachagua wakiwa wanajua.