Msimsingizie Mark Twain

Mwaka wa masomo ukianza hakosekani mtu wa kuja ukumbini kutuhamasisha, na mara nyingi anakuja na orodha yake ya waliofanikiwa bila shule. Mark Twain yumo. Eti aliacha shule akiwa mtoto, akawa bingwa wa kejeli Marekani nzima. Sasa wewe unahangaika na digrii ya nini? Watu wanapiga makofi. Mimi nasomea ualimu, jamani, siwezi kupiga.

Kwanza, hakuacha kwa kupenda. Samuel Clemens, ndilo jina lake halisi, alizaliwa mwaka 1835 na kukulia Hannibal, mji mdogo wa Missouri kando ya Mto Mississippi. Machi 1847 baba yake alifariki na hali ya nyumbani ikawa ngumu. Sam alikuwa na miaka 11. Baadaye akapelekwa kujifunza kazi kwa mpiga chapa, bila mshahara: chakula na nguo, basi. Kazi yenyewe ilikuwa kupanga maandishi ya watu kwa mkono, herufi moja moja. Hebu fikiria kusoma sentensi kwa mwendo huo miaka kadhaa! Lazima utajua ipi ina uzito na ipi ni porojo. Na alipofika New York akiwa na miaka 17, jioni zake alizimalizia maktaba. Huyo ndiye mnayesema hakusoma?

Halafu kuna walimu wake wasiotajwa ukumbini. Utotoni alikuwa akienda shambani kwa mjomba wake, John Quarles, na huko alikuwepo mtumwa mmoja, Daniel, msimuliaji hasa. Watoto walimzunguka usiku wakisikiliza. Hadithi ya mkono wa dhahabu aliyoisikia kwake, Twain aliisimulia majukwaani hadi utu uzima, na mwenyewe alieleza kuwa Jim wa *Huckleberry Finn* ametokana na Daniel.

Nakubali, shule ya Hannibal ilikuwa na kasoro zake. Twain alikuja kusimulia kwamba enzi za shule hakujua utumwa una ubaya wowote. Hakuna aliyemwambia, na kanisani uliungwa mkono. Aliyemgutusha kidogo ni mama yake. Sam alilalamika kuhusu kelele za Sandy, mtoto mtumwa aliyeimba kutwa. Mama akamjibu kwa machozi: yule hatamwona tena mama yake, akiimba angalau tunajua hamkumbuki.

Sasa turudi 1847. Mwaka uleule Sam alipofiwa na baba, Missouri ilipitisha sheria ya kupiga marufuku kuwafundisha watu weusi kusoma na kuandika. Mtu mzima hatungiwi sheria ya kumnyima kitu kisicho na faida.

Kwa hiyo mhamasishaji wa mwaka huu akifika kwa Twain, naomba mmoja wetu anyooshe mkono amuulize: na Daniel, yeye aliacha shule lini?