Makaa ya mawe: tunasubiri makinikia mengine?

Wadau, hivi tumeshasahau 2017? Hapa Samuye, Shinyanga, kijiweni bado tunabishana: yale makontena 277 ya makinikia yalibeba nini zaidi ya dhahabu, shaba na fedha? Tulikuja kuyapima yakiwa tayari bandarini!

Sasa makaa ya mawe ya Ngaka, Ruvuma, yanapakiwa Mtwara, na bei ni ya tani na joto tu. Wachina kule Lincang, Yunnan, wanachoma makaa yao, kisha kwenye majivu wanatoa gemaniamu, madini ya mkongo wa intaneti na miwani ya kuonea gizani.

Sisemi Ngaka ipo. Nasema tupime, majibu yatangazwe, ndipo tuuze. Mkulima wa pamba hapa hauzi bila mizani. Serikali je?