Fukusi wa Mchikichi na Mkataba Wetu



Wengi wetu katika mashamba ya mawese tunaamini mchikichi huzaa kwa mvua na mbolea peke yake. Sivyo. Mchikichi unahitaji kazi ya fukusi, mdudu mdogo kuliko punje ya mchele, na habari zake zinatuhusu sisi kama zinavyomhusu mwenye shamba.

Kila mchikichi hutoa mikungu ya maua dume na mikungu ya maua jike kwa nyakati mbalimbali. Kwa hiyo unga wa maua dume lazima utoke mti mmoja ufike mti mwingine. Mchukuzi wake ni fukusi. Yeye hula na kutaga mayai katika maua dume. Maua jike yakifunguka hutoa harufu inayofanana na ile ya dume. Fukusi anaifuata, hapati chakula, anaondoka. Lakini unga aliokuja nao mwilini umebaki pale, na matunda yanaanza kukua.

Tutazame yaliyotokea Malaysia. Mchikichi huu asili yake ni Afrika. Mwaka 1848 miche 4 ilipandwa katika bustani ya Bogor, kisiwani Java, na baadaye zao hili likaenea katika mashamba makubwa ya Asia. Mti ulikwenda, fukusi wake akabaki Afrika. Upepo na wadudu wachache wa kule hawakutosha, basi kazi ya mdudu wakapewa watu. Wafanyakazi walikusanya unga wa maua dume, wakauchanganya na poda, wakapita mti kwa mti kuyapulizia maua jike.

Mtaalamu wa wadudu, Rahman Syed, aliyachunguza maua ya mchikichi nchini Kameruni. Mwaka 1981 fukusi walipelekwa Malaysia wakaachiwa mashambani. Wakaenea upesi, na kazi ya kupulizia kwa mkono ikakoma. Mikungu ikajaa matunda, ikawa mizito.

Simlaumu mdudu. Kumpunguzia binadamu kazi ya kuchosha ni jambo jema. Swali la chama ni hili: faida ya kazi ya fukusi inakwenda kwa nani?

Tufanye hesabu. Ukilipwa kwa idadi ya mikungu, na mikungu ikazidi uzito, unakata na kubeba mzigo mkubwa zaidi kwa fedha zile zile. Faida yote inakwenda kiwandani. Ukilipwa kwa kilo, nao fukusi wamepungua, mikungu inatoka na matunda machache na mshahara unashuka bila kosa lako. Halafu msimamizi anasema wakataji ni wavivu! Kwa hiyo mkataba useme mambo mawili kwa pamoja: malipo yafuate uzito, na kuwe na kima cha chini cha siku ambacho hakishuki hata mavuno yakiwa mabaya.

Jambo la tatu ni dawa. Dawa ya kuua wadudu haichagui. Inaweza kumuua mharibifu pamoja na fukusi anayetulisha. Na anayebeba bomba mgongoni ni mfanyakazi, ambaye pengine hana glavu wala kitambaa cha kufunika pua. Sumu hiyo hiyo inapunguza mavuno na inaharibu mapafu. Mkataba namba 184 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 2001, unasema mfanyakazi wa kilimo ana haki ya kuelezwa hatari za kazi yake, kuchagua wajumbe wa usalama, na kujiondoa mahali penye hatari kubwa iliyo karibu. Tuitumie haki hiyo. Kabla ya kupiga dawa, wajumbe wetu waelezwe ni dawa gani, inapigwa wapi, na kwa sababu gani.

Wapo watakaosema mambo ya maua na wadudu ni ya mabwana shamba, si ya chama. Mimi nasema kinachoongeza au kupunguza uzito wa mkungu ni suala la mshahara, na suala la mshahara ni la chama, iwe ni Kongo au Kalangala kule Uganda.

Katika mkutano ujao wa tawi, mwombeni katibu asome kwa sauti kifungu cha malipo. Mkikuta kinahesabu mikungu tu, anzeni hapo.