Mtafiti akibisha hodi, muulize naye

Mzazi, jiweke mahali pa mama anayeishi kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu. Mgeni mwenye fomu anamuuliza: "Wanao wanakula mara ngapi kwa siku?" Akisema mara tatu, anahofia mgawo utapunguzwa. Akisema mara moja, anatumaini utaongezwa. Ukweli utapatikana wapi hapo?

Hiyo ndiyo shida ya kwanza ya kutafiti maisha ya wakimbizi walio mbali na miji. Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kupokea Wakongo, na kuanzia 2015 ikapokea Warundi wengi. Kwa miaka yote hiyo watu wameandikishwa, wamehesabiwa na kuhojiwa. Si rahisi kwao kumtofautisha mtafiti na mtu wa mgawo.

Shida ya pili ni lugha. Mama asiyejua Kiswahili huhitaji mkalimani, na mara nyingi mkalimani huyo ni jirani yake. Nani atasimulia kipigo cha mumewe au hali yake ya VVU mbele ya jirani? Atanyamaza, na fomu itaandikwa kwamba hakuna tatizo.

Usidhani hayo hayakuhusu. Majibu kama hayo ndiyo yanayoweza kutumika kupanga dawa, lishe na idadi ya wakunga. Hata wanavijiji wa jirani hutibiwa kambini. Takwimu zikiwa za uongo, mtoto wa mkimbizi na wa mwenyeji wote wanaumia.

Kwa maoni yangu, mzigo huu ni wa watafiti. Saini au dole gumba kwenye fomu si ridhaa, kama aliyetia anaamini akikataa atanyimwa chakula au dawa. Wamweleze hivyo waziwazi, wamtafute mkalimani asiye jirani, kwa mambo ya kike awe mwanamke, na wakimaliza warudi kuwaambia watu walichogundua. Kuchukua majibu na kutoweka ndiko kunakowachosha watu.

Nawe, uwe kambini, kijijini au kliniki na mtoto, ukihojiwa uliza: Umetumwa na nani? Kibali kiko wapi? Hapa Tanzania utafiti wa afya huhitaji kibali cha maadili, kwa mfano kutoka NIMR. Jina langu litaonwa na nani? Nikikataa, nitaendelea kutibiwa? Matokeo nitayapata vipi?

Asiyeweza kujibu hayo, usimjibu yake.