Viti Vikatoka, Machela Ikaingia
Jumanne asubuhi nilikuwa Kabazi, kando ya foleni ya mitungi ya maziwa, jeti ndogo aina ya Citation ikapita juu yetu, injini mbili zimebandikwa mkiani. “Hiyo ni ya wakubwa,” akasema mama mmoja. Nikamwambia, “Mama, siku hizi hata mgonjwa huipanda.” Kampuni ya Cessna iliporusha Citation ya kwanza kule Kansas mnamo Septemba 1969, iliwalenga wenye makampuni. Mabawa yalikuwa yamenyooka na wengi waliicheka kwa kukosa mbio, ila mabawa hayo hayo yaliiwezesha kutua kwenye viwanja vifupi. Polepole ndiyo mwendo: 1977 ikaruka Citation II, ndefu zaidi, na 1995 ikafuata Bravo, umbo lile lile kwa injini mpya. Bravo ndiyo AMREF Flying Doctors, wenye kituo chao uwanja wa ndege wa Wilson, waliitumia kama wodi ya angani. Niliwahi kuchungulia ndani ya ndege ya aina hiyo: machela, mtungi wa oksijeni, na dari isiyofika mita 1.5, kwa hiyo daktari hufanya kazi ameinama safari nzima. Kwangu mimi, katika matoleo yote ya Citation, lenye machela ndilo bora, na serikali inayonunua jeti ya viti vya ngozi kabla ya jeti ya wagonjwa imewakosea watu wake. Mama akajitwika mtungi, akauliza kama ndege ile inaweza kutua hapa Kabazi. Nikamjibu haiwezi, mgonjwa wetu lazima kwanza apite barabara hii hadi Nakuru.