Maji ya Kariokor ni Swali la Katiba

Kariokor imechukua jina lake kutoka kwa Carrier Corps, kikosi cha wapagazi ambamo Waingereza waliwatia Waafrika kubeba mizigo ya vita vya 1914 hadi 1918. Kwa hesabu ya serikali ya kikoloni yenyewe, wapagazi zaidi ya 40,000 waliangamia, na walio wengi hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na maradhi, kuhara damu kukiwamo. Zaidi ya miaka 100 imepita, na mtaa uliopewa jina lao bado hauna hakika ya mfereji.

Wapo watakaotuuliza maji yanahusu nini mageuzi. Ndugu zetu, kumbukeni kwamba toka 1983 hadi 1992 Nairobi haikuwa na baraza la madiwani. Lilivunjwa, mahali pake pakawekwa Tume ya kuteuliwa. Mama aliyekosa maji hakuwa na diwani wa kumwondoa kwa kura. Waliokusudia kukutana Kamukunji, si mbali na hapa, tarehe 7 Julai 1990, walidai vyama vingi. Nasi tunaamini kwamba ndani ya dai hilo mlikuwamo pia haki ya kumwuliza mtawala maji yamekwenda wapi.

Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini, Murang'a. Bwawa lilipopungua, mgao ulianza Januari 2017, na tangu hapo wakazi wamezoea kuishi kwa ratiba. Madhara ya mgao si kiu peke yake. Bomba lililojaa husukuma maji nje penye ufa. Bomba tupu hunyonya. Pale ambapo bomba kuukuu limepita karibu na mtaro wa maji machafu unaovuja, uchafu huingia, na maji yakirudi huufikisha jikoni. Kwa hiyo maji ya kwanza baada ya mgao yasinywewe bila kuchemshwa, hata yakionekana safi. Mwaka huo huo wa 2017 kipindupindu kiliwapata hata wageni wa mikutano katika hoteli za fahari. (Ilitusikitisha kwamba mji ulishtuka zaidi kwa hao kuliko kwa watoto wa mitaani mwetu.)

Tunaambiwa fedha hazitoshi. Lakini ripoti za WASREB, bodi inayosimamia huduma za maji, zimeonyesha kwa miaka kadhaa kwamba karibu nusu ya maji ya Nairobi hupotea au hayalipiwi. Mwenye mtungi unaovuja aanze kwa kuuziba kabla ya kulilia kisima kingine.

Hapa ndipo sheria inapotusaidia kuliko wengi wanavyodhani. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha. Kifungu cha 20 chasema kwamba Serikali ikidai haina uwezo, ni juu yake kuthibitisha. Mkazi hatakiwi kuleta ushahidi kwamba fedha zipo. Tena Kifungu cha 22 kinakataza kutoza ada ya kufungua kesi ya haki hizo.

Kabla ya mahakama ipo barua. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kujibu, lakini habari inayohusu uhai wa mtu hutakiwa katika saa 48. Mchungaji Timothy Njoya alipohubiri siku ya mwaka mpya wa 1990, mimbari ilisema yaliyokatazwa. Mimbari za Eastlands zaweza leo kusoma barua ya maswali matatu: maji ya mtaa huu yalipimwa lini mara ya mwisho, matokeo yalikuwaje, na mabomba yapi yatabadilishwa mwaka huu wa fedha? Waumini watie sahihi baada ya ibada, wazee wa kanisa waipeleke kwa mkono, wadai nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Muhuri huo uwe na tarehe na saa, kwa maana saa 48 huhesabiwa kuanzia hapo.