Gari Kuukuu Linywalo Mafuta

Katika mambo tunayoulizwa mara kwa mara na wenye magari wa upande wetu wa Dilolo, liko hili: gari linakwenda vema, halipigi kelele, halijawahi kulala njiani, lakini kila baada ya safari mafuta ya injini yamepungua. Mwenyewe huongeza, kesho huongeza tena, na moyoni ajiuliza kama huu ni ugonjwa wa kufa ama ni uzee tu. Juma hili twataka kulieleza jambo hilo kwa taratibu, kwa maana wako waogopao mno wakauza kwa bei ya kutupa gari lililo zima, na wako wasioogopa kabisa, wakaiua injini ambayo ingeliwalishia watoto miaka mingi.

Kwanza yafaa kujua ya kuwa kila injini, ambayo mafundi wetu huiita moteri, hula mafuta kidogo, hata iliyo mpya. Ninyi wanafunzi, fikirini jinsi ilivyoundwa. Ndani ya silinda pistoni hupanda na kushuka mara elfu mbili na zaidi kwa dakika moja. Imezungukwa na pete za chuma, kwa kawaida tatu, ziitwazo segimenti katika magaraji ya Kolwezi. Mbili za juu huzuia nguvu ya mlipuko isipotee chini. Ya tatu kazi yake ni kuyakwangua mafuta yaliyorushwa ukutani mwa silinda na kuyarudisha katika bakuli lililo chini ya injini. Lakini haiyakwangui yote, wala haitakiwi kufanya hivyo. Utando mwembamba sharti ubaki, la sivyo chuma kingesuguana na chuma. Utando huo ndio uunguao pamoja na esansi au mazuti. Basi kuungua si ajabu. La kuulizwa ni kiasi.

Juu ya kiasi, vitabu vya magari mengi ya Toyota hutaja lita 1 kwa kilomita 1,000 kuwa ndio mpaka wa juu. Watengenezaji wengine hutaja nusu ya hapo. Gari lililokwisha kwenda kilomita laki tatu, likila robo lita katika kilomita 1,000, halina neno. Likila lita nzima, ni lazima kulichungua. Likila mbili, mwenyewe hana haja ya kutuuliza sisi.

Ila watu wengi husema tu, “linakunywa sana,” bila kupima. Kupima ni rahisi. Simamisheni gari mahali palipo sawasawa, zimeni injini ikiwa moto, ngojeni dakika kumi mafuta yapate kushuka. Chomoeni kijiti cha kupimia, kifuteni kwa kitambaa safi, kitieni tena mpaka mwisho, ndipo mkisome. Jazeni hata alama ya juu, wala msipite hapo. Maana mafuta yakizidi, mhimili uzungukao huyapiga yakatoka povu, na povu halilainishi chuma. Kisha andikeni katika daftari idadi ya kilomita. Baada ya kilomita 500 pimeni vilevile na kuandika lita mlizoongeza. Daftari la mtoto wa shule la ukurasa thelathini latosha kwa maisha yote ya gari, na faida yake ni kwamba laonyesha badiliko. Gari ambalo miaka mitatu limekula nusu lita, na mwaka huu ni nusu lita, limezeeka kwa amani. Lililokula robo mwezi wa Mei, na nusu mwezi wa Julai, na lita mwezi wa Septemba, lina jambo ndani yake.

Mafuta yanayopotea yana njia mbili tu: ama yavuja nje, ama yaungua ndani. Tuanze na kuvuja, kwa kuwa dawa yake ni nafuu. Lazeni karatasi ngumu ya boksi chini ya injini usiku kucha. Asubuhi madoa yatasema pahali pa kutazama. Lakini yako mavujo yasiyodondoka gari likisimama, ambayo hutoka tu mwendoni wakati mafuta yanaposukumwa kwa nguvu. Hayo hujulikana kwa vumbi lililoganda na kuwa tope jeusi ubavuni mwa injini. Osheni injini, endeni kilomita hamsini, kisha tazameni ni wapi palipolowa kwanza. Fundi abadilishaye vipira vyote bila kuosha kwanza anabahatisha kwa fedha ya mwenzake.

Kama boksi ni kavu na ubavu ni mkavu, basi yaungua. Hapo moshi ndio shahidi. Moshi mweusi ni esansi au mazuti iliyozidi, wala hauhusu mafuta ya injini. Moshi mweupe mzito usiokoma, na maji ya radiata yakipungua, ni maji yaingiayo katika silinda. Moshi wa samawati, wenye harufu kali ya mafuta, ndio tunaoutafuta, na saa ya kutokea kwake ina maana. Ukitoka asubuhi gari liwashwapo, kisha ukakoma, mara nyingi ni vile vipira vidogo vya valvu vilivyokauka: usiku kucha mafuta yalidondoka kidogo kidogo katika silinda. Ukitoka wakati wa kupanda kilima na kukanyaga kwa nguvu, shaka ni juu ya pete. Ukitoka baada ya kuteremka mteremko mrefu bila kukanyaga, mara mguu urudipo, turudi tena kwenye valvu. Na gari lenye turbo laweza kutoa moshi huo kwa sababu ya turbo yenyewe, wala pete na valvu zisiwe na kosa.

Ziko injini za kisasa zinazoficha moshi huo, kwa kuwa chombo cha kusafishia moshi hukaa katika bomba. Kwa hizo yafaa kufungua buji na kuzitazama: buji iliyolowa mafuta meusi yaonyesha ni silinda ipi mgonjwa.

Lakini kabla ya kumpa fundi ruhusa ya kuivunja injini, mwulizeni kama ana kipimo cha mkandamizo. Huingizwa penye buji, injini ikazungushwa, na sindano ikaonyesha nguvu ya kila silinda. Kama silinda moja ni dhaifu, atie ndani yake kijiko cha mafuta na kupima tena. Nguvu ikipanda, mafuta yameziba mwanya wa pete, kwa hiyo pete zimelika. Isipopanda, tazameni valvu au jointi ya kifuniko. Jaribio hilo la nusu saa limewaokoa watu wengi na gharama isiyo na sababu. Katika injini za mazuti nguvu ni kubwa mno, na jaribio la mafuta halifai. Huko fundi atumie kipimo chao wenyewe.

Sasa tuje kwa adui wa kwetu hasa. Twasema kwa hakika ya kuwa katika nchi ya Dilolo, Kasaji na Mutshatsha, kinachozeesha injini kupita umri wake ni vumbi. Nyanda zetu zimefunikwa na mchanga wa namna ya Kalahari, nao umejaa chembe za jiwe liitwalo kwatsi, lililo gumu kuliko chuma cha silinda. Tangu Mei hata Septemba, lori moja likipita, vumbi husimama njiani kama ukuta, na gari lifuatalo hulivuta lote. Kichujio cha hewa kikiwa kimepasuka, au kimekaa upande, au bomba la mpira litokalo kwake kwenda injini lina ufa, chembe hizo huingia na kuchanganyika na mafuta, na mchanganyiko huo husaga pete na silinda mchana kutwa. Tumeona magari ambayo mwenyewe amenunua mafuta ya bei ya juu kabisa, na bomba la hewa limefungwa kwa kitambaa na kamba ya baiskeli! Pitisheni kidole ndani ya bomba, upande wa injini. Kikitoka na vumbi, msinunue kitu kingine kabla ya kuponya hapo. Na kichujio cha karatasi kisipigwepige ukutani ili kukisafisha, kwa maana hutoboka.

Jambo la pili lisilo ghali ni pumzi ya injini. Liko bomba dogo, na katika magari mengi valvu ndogo, litoalo upepo uliopenya chini ya pistoni. Likizibwa na masizi, upepo hukosa njia, nao huyasukuma mafuta yatoke penye vipira au yapande kuungua. Kulisafisha ni kazi ya asubuhi moja. Mafundi wengine hulisahau, wakaanza na pete.

Jambo la tatu ni mafuta yenyewe. Nambari zilizoandikwa kwenye bidoni, kama 15W-40 au 20W-50, zaeleza uzito wake: ya kwanza ni uzito wakati wa baridi, ya pili wakati wa joto. Herufi S ni ya injini za esansi, na C ni ya mazuti. Injini iliyolegea yaweza kufaidika na mafuta mazito kidogo, almradi kitabu cha gari kiruhusu. Wengi wamepunguza nusu ya hasara kwa njia hiyo. Mafuta mazito kupita kiasi huchelewa kupanda asubuhi, na ni katika dakika hizo injini hulika zaidi. Nunueni bidoni iliyofungwa na kiwanda, mwangalie kifuniko. Mafuta yaliyokwisha tumika, yakachujwa kwa kitambaa na kumwagwa katika bidoni yenye jina zuri, hufanana na mapya machoni mwa mtu mwenye haraka. Tena badilisheni kabla ya wakati: palipo vumbi, kilomita 5,000 si mapema. Mafuta yaliyochakaa huacha masizi katika ile pete ya chini hata vitundu vyake vikazibwa, nayo huganda isikwangue tena. Dawa za chupa ziahidizo kuponya injini bila kufunguliwa, huenda zikalegeza pete iliyoganda. Chuma kilicholika hazikirudishi.

Basi yakiisha hayo yote na gari bado lanywa, ni fedha ngapi zitumike? Tuseme baba wa nyumba ana gari la mizigo lenye kula lita 1 kwa kilomita 500. Kutoka Dilolo hata Kolwezi ni zaidi ya kilomita 400. Akienda na kurudi mara mbili kwa mwezi amekwenda kama kilomita 1,600, yaani lita 3 na kidogo. Kwa mwaka, kama lita 38. Mwanafunzi wa darasa la sita na azidishe kwa bei ya mafuta ya sokoni kwao, kisha alinganishe na bei ya kuifungua injini. Mara nyingi ataona ya kuwa kuongeza mafuta miaka miwili ni nafuu kuliko kufungua, na mzee mwenye gari asione haya kuishi hivyo. Kama kosa ni vipira vya valvu, avibadilishe, kwa kuwa si kazi kubwa. Kama ni pete, fundi apime kwanza silinda. Ikiwa imelika na kuwa ya yai, pete mpya peke yake hazitakaa miezi mingi. Ni lazima kuichonga upya na kutia pistoni kubwa zaidi, na hapo huenda injini nyingine iliyotumika ikawa na bei ileile.

Twakaza habari ya safari, kwa kuwa hapo ndipo penye hatari. Reli ilifika Dilolo mwaka 1931, ikakutana na ile itokayo Lobito. Vita vya Angola viliikata mwaka 1975, na njia ya upande wa pili ilizinduliwa upya mpaka Luau mwaka 2015 tu. Katika miaka hiyo yote magari kuukuu yamebeba muhogo, wagonjwa na watoto wa shule. Gari la mfano wetu, bakuli lake likiwa la lita 6, likiondoka Dilolo pungufu ya lita 2 na lisiangaliwe njiani, litakaribia Kolwezi limebakiwa na lita 3. Kwa hiyo pimeni Kasaji, pimeni Mutshatsha, na bidoni ya lita 2 isishuke garini hata kwa kumkopesha shemeji. Wala msiingojee taa nyekundu. Taa ile haihesabu mafuta. Yawaka nguvu ya kuyasukuma ikiisha, na wakati huo chuma kimekwisha kugusana na chuma. Ikiwaka, zimeni injini papo hapo, hata kama imebaki kilomita moja kufika kijijini na mama mwenye uchungu yumo ndani. Ongezeni mafuta na kungoja dakika chache, kisha washeni: taa ikizimika mtamfikisha, mkishupaa kwenda nayo ikiwaka, injini itakamata, na mama atajifungulia porini.

Yabaki mafuta meusi yaliyotolewa. Yana vumbi la chuma na sumu ya masizi, kwa hiyo yasimwagwe kando ya kisima wala mtoni, yasipakwe juu ya kidonda cha mtu wala cha mbuzi, na bidoni yake isitiwe mawese hata ikioshwa mara saba. Wekeni pipa lenye kifuniko mahali pamoja. Maseremala wengine hupaka mafuta hayo chini ya nguzo kwa ajili ya mchwa. Nguzo ya ua yaweza, lakini ya ghala la mahindi hapana.